Mkono wa Wilko na Jina la Bendi

Asanteni. Kaeni jamani, kaeni, hata kule nyuma kuna viti. Mwenyekiti alinipa dakika 40, na yeye mwenyewe ameshakula 10 akinisifu, kwa hiyo nikianza kukatiza mambo huko mwishoni mjue wa kulaumiwa ni nani.

Nani hapa anawajua Roxette? Naam, mikono mingi kuliko nilivyotegemea, na mingine ni ya watu ambao walikuwa hawajazaliwa. Wale Waswidi wawili, dada mwenye nywele fupi na kaka mwenye gitaa. Haya, jina hilo walilitoa wapi? Kimya. Walilitoa kwenye wimbo wa bendi ya Waingereza iitwayo Dr. Feelgood, wimbo uliomo katika albamu yao ya kwanza ya mwaka 1975. Aliyeazima anajulikana dunia nzima, mwenye mali hamumjui hata kwa sura.

Walionisikia siku nyingine wanajua ninakoelekea, nawaomba wanivumilie. Kila nikisema bendi iliyodumu, mtu ananitajia Rolling Stones. Kila mara! Sina ugomvi na Stones. Ila Stones wana mawakili, wana wahasibu, wanajaza viwanja vya mpira. Tajiri akifika mbali mimi sishangai. Nataka kuzungumzia hiyo Dr. Feelgood, bendi iliyofika mbali kwa kupakia vyombo kwenye gari, kupiga, kushusha, kupakia tena, toka 1971.

Wametoka Canvey. Ni kisiwa kilichopo pale mto Thames unapoingia baharini, Essex, mashariki ya London. Msinipigie picha ya minazi. Ni ardhi iliyo chini kuliko bahari maji yakijaa, imezungushiwa ukuta, na ukitazama ng'ambo ya nyumba unaona matangi ya mafuta na magati ya meli. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 bahari iliushinda ukuta, ikaua watu zaidi ya 50 pale kisiwani. John Wilkinson, mtoto wa Canvey, alikuwa na miaka 5.

John huyo akasoma Kiingereza Chuo Kikuu cha Newcastle, akaenda India kwa njia ya nchi kavu kama vijana wengi wa enzi zile, akarudi akawa mwalimu wa shule. Kisha jina lake akalipindua kichwa chini miguu juu: John Wilkinson akawa Wilko Johnson. Mpiga besi ni John Sparks, Sparko. Mpiga drams ni John Martin, waliyemwita The Big Figure, na sababu mnaweza kuikisia. Watatu kati ya wanne ni akina John, bila majina ya utani wangeitana mpaka lini? Wa nne ndiye mwimbaji, Lee Collinson, na hapa napenda kusimama kidogo, maana alizaliwa Durban, Afrika Kusini, mwaka 1952, ndipo familia ikahamia Uingereza. Jukwaani akajiita Lee Brilleaux. Mzaha wa nywele: limetoka kwenye Brillo, chapa ya stilwaya ya kusugulia sufuria, likavalishwa herufi za Kifaransa.

Na jina la bendi? Nalo la kuazima, kwa hiyo mlionipigia makofi pale kwenye Roxette mmewahi mno. Piano Red, Mmarekani mweusi wa Atlanta, alirekodi wimbo wa Doctor Feelgood mwanzoni mwa miaka ya 60. Wakauchukua mwimbaji Johnny Kidd na bendi yake, Pirates, huko Uingereza. Vijana wa Canvey wakaupata kwa Pirates. Wakaupata pamoja na kitu kingine kikubwa zaidi, na hiki ndicho kilichonileta hapa.

Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi tunajua mgawanyo wa kazi. Kuna solo, kuna ridhimu, bendi ikiwa na uwezo kuna na second solo. Mtu wa ridhimu anakatakata kodi, yaani noti kadhaa kwa mpigo mmoja, mtu wa solo anajibu sauti ya mwimbaji. Mimi nilipiga ridhimu miaka 6 kwenye bendi ya hoteli ambayo siitaji, kwa sababu mwenyewe bado ana deni langu la mishahara miwili na sitaki aseme namchafulia jina. Miaka 6 hakuna mteja hata mmoja aliyenitazama. Wote wanamtazama wa solo. Kwa hiyo elewa kijiba changu.

Pirates walikuwa na mpiga gitaa mmoja tu, Mick Green, na yule mmoja alifanya kazi zote mbili kwa wakati mmoja. Wilko akamwiga. Akashindwa kumwiga sawasawa, na katika kushindwa huko akapata mkono wake mwenyewe. Sasa tazameni mkono wangu. Hana kile kiplastiki cha kukwangulia nyuzi. Vidole vitupu. Mkono wa kulia unakwenda juu na chini bila kupumzika, kama mtu anayekuna nazi huku amekasirika. Lakini ungekuwa huo peke yake, ungesikia kelele tupu. Siri iko kushoto. Mkono wa kushoto unabana na kuachia, unabana na kuachia, nyuzi zinalia kidogo tu kisha zinakabwa koo. Tyaa! Kimya. Tyaa-tya! Kimya. Na kwenye vile vimya vidogo, kabla mkono wa kulia haujarudi chini, anachomoa noti mbili tatu za solo, halafu hao, amesharudi kwenye ridhimu kama vile hakuondoka. Mtu mmoja, gitaa moja, Telecaster nyeusi yenye bamba jekundu. Na kuzaliwa alizaliwa wa mkono wa kushoto! Alijifunza kupigia kulia kwa kujilazimisha.

Nilipoisikia mara ya kwanza nilidhani ni watu wawili. Nilirudisha kanda mpaka ikameza. Nikaitoa kwa kalamu, nikaizungusha, nikasikiliza tena. Wenye umri wangu wanacheka, vijana hawajui tunacheka nini. Kalamu ya Bic, ndugu zangu, ilikuwa sehemu ya redio.

Mtasema, mzee, ufundi kama huo uko kwa wengi. Hapana. Ufundi wa kujaza noti uko kwa wengi. Kumbukeni ni wakati gani: mwanzoni mwa miaka ya 70 bendi kubwa za Uingereza zilikuwa zinapiga wimbo mmoja upande mzima wa santuri, zimevaa majoho, zimezungukwa na vinanda. Hawa wakaingia kwenye baa za London na nywele fupi, suti za bei rahisi, nyimbo za dakika tatu. Brilleaux amevaa koti jeupe, na koti lile halikuwa jeupe tena, lina rangi ya bia, jasho na kila ukumbi lilikopita. Amekunja ngumi, ana harmonika mdomoni. Pembeni yake Wilko anakwenda mbele na nyuma kama yuko kwenye reli, macho yamemtoka, gitaa amelielekeza kwa watu kama bunduki. Albamu ya kwanza ikatolewa kwa mono, yaani sauti ya njia moja tu, mwaka 1975, stirio imeshazoeleka kila nyumba! Mwaka uliofuata wakatoa *Stupidity*, muziki uliorekodiwa ukumbini, Sheffield na Southend, mbele ya watu, na makosa yake. Ikashika namba 1 Uingereza.

Sasa tufike 1977. Wako studio kwa albamu nyingine, wanagombana wimbo gani uingie na upi usiingie. Ugomvi wa wimbo, mnaujua ulivyo, huwa si wa wimbo. Wilko akatoka. Mtunzi, mpiga gitaa, nusu ya sura ya bendi, ameondoka baada ya miaka 6.

Kila ninapofika hapa kuna mtu anasema, basi, bendi ilifia hapo. Yuko wapi leo? Yule pale, nimekuona. Ilifia wapi? Wakamchukua Gypie Mayo kwenye gitaa, na mwanzoni mwa 1979 wimbo wa Milk and Alcohol ukapanda hadi namba 9. Maiti gani inayopanda chati? Mayo akaondoka 1981. Mwaka uliofuata Sparko na The Big Figure nao wakaacha. Amebaki Brilleaux peke yake na jina. Akaita wengine: Kevin Morris kwenye drams, Phil Mitchell kwenye besi, na mwaka 1989 akaja Steve Walwyn kwenye gitaa. Hakuna aliyewapigia tarumbeta. Wakazunguka.

Mwaka 1993 Brilleaux akaambiwa ana saratani ya tezi za limfu. Januari 1994 akapanda jukwaani kwenye baa iliyobeba jina la bendi, palepale Canvey, wakarekodi. Tarehe 7 Aprili akafariki. Alikuwa na miaka 41. Nilipokuwa kijana nilidhani 41 ni uzee.

Na mwaka 1995 bendi ikarudi. Hakuna hata mmoja wa wale wanne. Wenyewe wanasema ndivyo Lee alivyotaka. Kwanza aliimba Pete Gage, halafu toka 1999 akaimba Robert Kane.

Hapa ndipo wapenzi wa "original" wanapoanza kutoa povu. Kwamba ni bendi bandia, ni kivuli, ni wafanyabiashara wa jina. Naomba tufanye hesabu ya darasa la tatu. Wilko alikaa miaka 6. Walwyn alikaa zaidi ya 30. Brilleaux aliimba toka 1971 hadi 1994, miaka 23. Mwaka 2022 bendi ilipotoa albamu ya *Damn Right!*, Kane naye alikuwa na miaka 23 mbele ya kipaza sauti. Sasa niambie, huyu ni mgeni mpaka lini? Mke wa pili akikaa miaka 30 bado unamwita mgeni? Usijibu, mkeo yuko hapa.

Mtu mmoja aliwahi kunijibu kwamba basi mimi na wewe tukijiita Dr. Feelgood inatosha. La, haitoshi. Walwyn aliwekwa na Brilleaux. Morris aliwekwa na Brilleaux. Walipiga naye usiku baada ya usiku, wakajua akigeuza bega maana yake nini. Mtu anapokezwa na aliyepokezwa. Wewe unataka kuingilia dirishani.

Tena wa kushangaa hili wasiwe sisi. Msondo tumeiita NUTA, tukaiita JUWATA, tukaiita OTTU, kila chama cha wafanyakazi kikibadilika jina na bendi inabadilishwa, na hakuna aliyesema ni bendi nyingine. Sisi jina lilibadilika, wao walibadilika watu. Haya, niendelee, naona kikaratasi.

Kinasema dakika tano. Nilikuwa na sehemu nzima kuhusu walioathiriwa na bendi hii. Kwa kifupi: Clem Burke, mpiga drams wa Blondie, bendi ya New York, alitoka London na santuri yao akaipeleka kwao, wale vijana wa punk, mtindo wa roki kali na fupi, wakaisikiliza. Paul Weller, mwimbaji na mpiga gitaa Mwingereza, anasema wazi alichokipata kwa Wilko. Na kampuni ya Stiff, iliyotoa rekodi nyingi za vijana wa punk Uingereza, ilianza 1976 kwa mkopo wa pauni 400 kutoka kwa Brilleaux. Sehemu ya wanawake kwenye baa zile na sehemu ya Ufaransa naziacha.

Wilko ndiyo siwezi kumwacha. Januari 2013 alitangaza ana saratani ya kongosho, haitibiki, ana miezi michache. Akakataa dawa kali. Akafanya ziara ya kuaga, watu wanalia ukumbini, yeye anakwenda mbele na nyuma kwenye reli zake na uvimbe tumboni unaoonekana. Akarekodi albamu na Roger Daltrey, mwimbaji wa bendi ya The Who, wakijua ndiyo ya mwisho, ikatoka Machi 2014. Sasa kuna daktari, mpenzi wa kupiga picha za wanamuziki, akawa anajiuliza: huyu mbona hafi? Akampeleka kwa wapasuaji wa hospitali ya Addenbrooke's, Cambridge. Wakakuta ni aina nyingine, inayokua polepole. Wakatoa uvimbe wa kilo 3. Kilo 3, ni mtoto mchanga huo! Akapona, akapiga muziki miaka mingine, akafariki Novemba 2022 akiwa na miaka 75.

Mwaka uleule wa *Damn Right!* Naona mmeshaliona.

Maswali tutafanyia pale kwenye chai, na wewe uliyesema ilifia 1977 njoo mapema. Nimebakiwa na dakika mbili na sitazitumia kusema. Kijana, ile namba moja kwenye *Stupidity*, ongeza sauti, spika hizi zina woga. Msisikilize mwimbaji. Sikilizeni gitaa tu, mkihesabu wapo wangapi.