Bahari shwari haijalala

Asalam aleikum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama huko mlangoni, sogeeni mbele jamani viti viko. Nashukuru sana kwa kunialika. Leo nataka tuzungumze kitu ambacho sisi watu wa Mombasa twakijua kwa pua kabla ya kukijua kwa kitabu, ile harufu ya bahari. Ukiteremka ufukweni Mama Ngina asubuhi maji yamekupwa, mwani umelala juu ya mawe na jua limeanza kuupiga, ile harufu inayokujia pale si chumvi, chumvi haina harufu. Ile ni gesi. Ina jina na ina kazi yake, na kuna watu wamemaliza umri wao wakiifuata.

Kubwa kwenye harufu hiyo ni dimethili salfaidi, ina salfa ndani yake, yatokana na vimea vidogo vinavyoelea majini ambavyo kwa macho huvioni, vikifa au vikiliwa basi bakteria wanaigeuza ile salfa yao inakuwa gesi inatoka majini inapanda. Mwaka 1971 Mwingereza James Lovelock alipanda meli ya utafiti iitwayo Shackleton akatoka Uingereza akashuka hadi upande wa Antaktika, njia nzima akipima hewa na maji, na gesi hii akaikuta baharini kote alikopita. Baadaye 1987 yeye na wenzake watatu wakaandika kwamba huenda gesi hiyo ikifika juu inakuwa chembechembe ambazo mawingu yanajengeka juu yake, kwa hivyo bahari ina mkono kwenye mawingu. Hilo wamebishana nalo miaka mingi na bado, na mimi sitalimaliza leo.

Langu leo ni iodini. Hii mwaijua, imeandikwa kwenye pakiti ya chumvi jikoni, na ile dawa ya kahawia ya kidonda inayochoma. Yatoka wapi? Baharini. Mfaransa Bernard Courtois mwaka 1811 alikuwa akishughulika na majivu ya mwani, akatia asidi, ukapanda mvuke wa zambarau ambao hajapata kuuona. Ndiyo hiyo iodini. Kutoka siku hiyo dunia imejua kwamba mwani una iodini, na nadhani hapo ndipo watu walipokwama, maana kwa miaka mingi ukisema iodini ya hewani wote wanatazama mwani.

Sasa kuna mama mmoja mwanasayansi, Profesa Lucy Carpenter wa chuo kikuu cha York huko Uingereza. Na yeye alianzia kwenye mwani, akipima gesi za iodini pwani ya Ireland, mahali paitwapo Mace Head. Lakini baadaye yeye na wenzake wakaweka kituo katikati ya maji, kisiwa cha São Vicente kule Cape Verde, upepo unakuja moja kwa moja kutoka bahari kuu, hakuna mji wala kiwanda mbele yake. Walikuwa wakipima ozoni.

Hebu nisimame hapa kidogo kwa sababu ozoni inawachanganya watu. Ile ya juu kabisa angani yatukinga na jua, hiyo twaitaka. Lakini iko hii ya chini tunayoivuta, inatengenezeka moshi wa magari na viwanda ukipigwa na jua, hii inaumiza mapafu na inaharibu mimea shambani. Gesi ni ile ile, mahali tu ndipo panapobadilisha hukumu.

Basi kule Cape Verde wakaona kila siku jua likitoka ozoni inapungua, inapungua kuliko hesabu zote za kompyuta zilivyosema. Walipima miezi minane, wakachapisha 2008: ozoni inayopotea ni kama nusu zaidi ya ile iliyotarajiwa. Nani anaila? Wakakuta iodini na ndugu yake bromini hewani, kidogo mno, iodini oksaidi, yaani iodini iliyoshikana na oksijeni, ni kama molekuli moja na kitu kwa kila molekuli trilioni za hewa. Trilioni! Ni kama punje moja ya mchele kwenye maghala na maghala, lakini atomu ya iodini ikishavunja ozoni haimaliziki, inazunguka inarudi kuvunja nyingine na nyingine, kwa hivyo uchache wake usitudanganye.

Halafu kukawa na fumbo, na hapa ndipo mimi niliposhikika na habari hii nikashindwa kuiacha. Walipojumlisha iodini yote inayotoka kwa viumbe, zile gesi kama methili iodaidi, wakapata robo tu ya kile kilichoko hewani. Robo tatu yatoka wapi, na pale katikati ya bahari hakuna mwani wa kuusingizia?

Jibu wakalitoa 2013, na lilikuwa limelala juu ya maji yenyewe. Ozoni ikishuka ikagusa uso wa bahari, yakutana na iodaidi, ile iodini ya namna ya chumvi iliyoyeyuka mle majini, zikigusana tu iodini inafunguka inatoka hewani, jua linaivunja, na ile atomu inapanda kwenda kuila ozoni iliyobaki. Mwaona mzunguko huo? Ozoni yenyewe ndiyo inayomwita mlaji wake. Haihitaji mwani, haihitaji kiumbe chochote kiwe hai saa ile, ni maji na hewa vinagusana. Waliijaribu kwenye maabara, wakipitisha ozoni juu ya maji, na hesabu zikakaa.

Na sikilizeni hili wavuvi. Sisi twadhani bahari ikichafuka, mawimbi na povu, ndipo inapotoa mambo. Kwa gesi nyingi ni hivyo kweli. Kwa iodini hii ni kinyume, bahari ikiwa shwari, maji yametulia kama mafuta, ndipo inatoa zaidi, kwa sababu ile kazi inafanyika kwenye ngozi ya juu kabisa ya maji, nyembamba kuliko unywele, na upepo ukivuma unaikoroga ile iodini inazama kabla haijatoka. Kwa hivyo ule wakati kusi imeondoka na kaskazi haijashika, ngalawa haisogei na nahodha anapiga mluzi kuuita upepo, saa hiyo bahari ndiyo iko kazini. Na maji ya juu ya bahari za joto yana iodaidi nyingi kuliko maji ya baridi. Maji ya joto ni haya yetu.

Kama ozoni ndiyo inayoitoa iodini basi tukiongeza moshi twaongeza na iodini, si ndiyo? Ndivyo ilivyo. Wamechimba barafu ya zamani kule Greenland, ile inayokaa tabaka juu ya tabaka mwaka kwa mwaka, wakaipima, wakachapisha 2018, iodini ya huko Atlantiki ya kaskazini imekuwa mara tatu kutoka 1950 hadi 2010. Mara tatu katika umri wa mtu mmoja. Wazee mliozaliwa wakati ule mmekaa hapa mbele yangu, bahari ile wakati mnazaliwa haikuwa ikipumua kama leo.

Nikisimama Likoni nikitazama meli zinaingia Kilindini mimi nawaza hayo. Moshi wa meli, moshi wa malori yanayosubiri mizigo, na kaskazi ikianza hewa yatoka upande wa India na Arabuni. Mwaka 1999 watafiti walipiga kambi visiwa vya Maldivi wakapima, wakakuta utando wa kahawia umetanda juu ya bahari hii yetu kaskazi nzima, unakuja na upepo hadi karibu na ikweta. Upepo ule ule uliowaleta wenye majahazi. Mimi nataka tuijue hewa hii kwa vipimo vya hapa, si kukisia kwa vya Atlantiki, na nasema hivi kwa uchungu kwa sababu bahari ni yetu.

Mzee wangu pale ameniuliza, kama bahari inakula ozoni si ni afadhali, itusafishie? Mzee, inakula ile iliyofika kwake. Ile ya barabarani mtoto ameshaivuta kabla haijafika ufukweni, na masizi iodini haiyagusi kabisa.

Na wewe binti umeuliza vyataka nini vipimo hivyo. Kwa ozoni ni kisanduku kinachokaa juu ya meza hii, ndani kuna bomba, hewa inapita, taa ya ultravioleti ya nanomita 254 inamulika, kadiri mwanga unavyomezwa ndivyo ozoni ilivyo nyingi. Unataka umeme usiokatika, mpira wa kuvuta hewa kutoka upande wa bahari, na mtu wa kuja kukiangalia kila siku, kusi na kaskazi.