Nati, vumbi na helikopta ya Pave Low

Shikamooni wazee wangu. Na nyinyi vijana wa karakana, habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie helikopta nzito za vikosi maalumu, na najua wengi wenu mnasubiri bunduki na makomando wanaoteremka kwa kamba. Naomba mnivumilie, maana mimi nitaanza na nati.

Usiku wa tarehe 24 Aprili 1980, helikopta nane za aina ya RH-53D ziliruka kutoka Nimitz, manowari ya Marekani ya kubeba ndege, iliyokuwa Bahari ya Arabu. Zilikuwa zinakwenda Iran, kwa sababu Tehran kulikuwa na Wamarekani walioshikwa mateka tangu Novemba 1979. Ndege za mizigo za C-130 nazo ziliondoka kisiwa cha Masirah, kule Oman, zikiwa na makomando na mafuta. Zote zikutane jangwani, mahali walipopaita Desert One, helikopta zijazwe mafuta, zipakie watu, ziendelee gizani. Sharti lilikuwa wazi: zikifika sita nzima, kazi inaendelea. Zikipungua hapo, watu wanarudi.

Helikopta hizo zilikuwa za jeshi la majini, kazi yake kufagia mabomu yaliyotegwa baharini. Zilichaguliwa kwa sababu zina nguvu, zinafika mbali, na mapanga na mkia wake hukunjwa, hivyo unaweza kuzificha chini ya sitaha na hakuna atakayeshuku. Marubani wengi walitoka Marine, kikosi cha Marekani cha askari wanaoshambulia nchi kavu wakitokea baharini, na safari ndefu ya usiku, chini chini juu ya jangwa, haikuwa kazi yao ya kila siku.

Ya kwanza ikawasha taa ya onyo: panga huenda lina ufa. Ndani ya panga la helikopta ile kuna gesi iliyoshindiliwa, na gesi ikipungua, mtambo unakuambia uangalie. Rubani akatua, wakaikagua, wakaiacha hapo hapo jangwani, na wenzao wakawachukua. Kisha wakaingia kwenye vumbi. Msifikirie dhoruba ya mchanga inayopiga kelele. Lile lilikuwa vumbi laini kama unga, limening'inia hewani, huoni ardhi wala nyota. Humo ndani helikopta nyingine ikapoteza vyombo vinavyomwonyesha rubani mwelekeo na mkao wa ndege. Akageuza, akarudi manowarini. Redio zilikuwa zimenyamazishwa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwambia kwamba mbele yake kulikuwa kweupe. Hilo huniuma kila nikilisimulia.

Zikafika sita, na moja kati ya hizo ilikuwa mgonjwa. Nati moja kwenye mfumo wa haidroliki, ule unaoendesha mitambo kwa msukumo wa mafuta, ilikuwa imepata ufa, mafuta yakavuja, pampu ikafa. Vijana, kuna mtu hapa anayeweza kunionyesha nati ya bomba la haidroliki kwa vidole vyake? Ndiyo, ukubwa huo huo. Rais Jimmy Carter, maelfu ya kilomita kutoka pale, akapelekewa taarifa kwamba nzima ni tano, akakubali kazi isitishwe.

Msiba ulikuja baada ya uamuzi ule. Helikopta moja ilipoinuka ili isogee pembeni, mapanga yake yakatimua vumbi, rubani asione kitu, ikaiangukia C-130 iliyokuwa na mafuta. Wanajeshi wanane wakafa, watano wa jeshi la anga na watatu wa Marine. Helikopta zilizobaki zikaachwa palepale, na waliosalia wakaondoka kwa ndege.

Sasa ndugu zangu, jambo la kusikitisha ni kwamba ndege ya ukoo huohuo, iliyotengenezwa kwa ajili ya giza, ilikuwepo tayari. Jeshi la anga lilikuwa na HH-53H, iliyoitwa Pave Low, chache sana, za kuokoa marubani walioangushwa. Mei 1980, mwezi mmoja tu baada ya msiba, zikahamishiwa kwa watu wa vikosi maalumu, Hurlburt Field, Florida. Kuanzia 1986 zikaboreshwa zaidi, zikaitwa MH-53J.

Ikiwa imesimama mbele yako inakuzidi kila upande: duara la mapanga makuu lina kipenyo cha mita 22, injini mbili, bomba la kupokelea mafuta angani limechomoza mbele kama mkonga wa mbu. Ndani wanaingia askari 38. Kilichonivutia mimi tangu ujanani ni ile pua, maana ndani yake kuna rada inayosoma vilima na mabonde, na karibu yake kamera inayoona joto. Dude la tani 20 na ushei linapita usiku kwenye kimo cha mita 30 likifuata mgongo wa ardhi. Wafanyakazi wake ni sita, na wale wa milangoni humwambia rubani kwa sauti: mti kulia, waya mbele, shuka kidogo. Rada haikuwaondolea kazi hiyo.

Usiku wa 17 Januari 1991, Vita vya Ghuba dhidi ya Iraq vilipoanza, mashine hizi zilionyesha walichojifunza. Helikopta za mashambulizi za Apache zilitakiwa kubomoa vituo viwili vya rada vya Iraq ili ndege za mashambulizi zipite. Apache zilikuwa na makombora, lakini jangwani hazikuwa na njia ya kujua kwa uhakika ziko wapi. Pave Low zilijua, kwa satelaiti. Basi zikatangulia, zikifuatwa. Zilipofika mahali palipopangwa, wafanyakazi wakadondosha vijiti vya mwanga mchangani, vile vya plastiki unavyovunja vikang'aa, kisha wakakaa kando. Apache zikapita juu ya ule mwanga, zikasahihisha hesabu zake, zikaendelea. Saa nane na dakika 38 usiku zikafyatua makombora, na ndani ya dakika chache vituo vyote viwili vilikuwa vimenyamaza.

Pave Low zilistaafishwa Septemba 2008, zikitokea Iraq, ambako zilikuwa bado kazini. Moja iko kwenye jumba la makumbusho la jeshi la anga huko Dayton, Ohio, namba 68-10357. Novemba 1970 ndege hiyohiyo ilikuwa kwenye uvamizi wa gereza la Son Tay, karibu na Hanoi, Vietnam, Wamarekani walipokwenda kuwatoa wafungwa wao wa kivita wakakuta wameshahamishwa. Kutoka Son Tay hadi Iraq ni karibu miaka 38. Injini zimebadilishwa, nyaya zimebadilishwa, rada imewekwa, jina limebadilika, na mafundi waliokuwa vijana walipoipokea wamestaafu wakaiacha bado inaruka. Atakayejaliwa kufika Dayton asiishie kupiga picha pale puani. Azunguke ubavuni, ahesabu nati.