Karthago, 439: siku Roma ilipokosa mshahara wa askari

Mwenyekiti, walimu wangu, na ninyi vijana mliokubali kuutoa mchana wenu kwa habari za watu waliokufa zamani, asanteni.

Mwaka 1984 mwanahistoria wa Kijerumani, Alexander Demandt, alikusanya sababu zote alizozikuta zimetolewa na wasomi kueleza kuanguka kwa Dola ya Roma. Akazipanga kwa alfabeti, zikafika 210. Humo mna Ukristo, mna ukataji wa misitu, mna sumu ya madini ya risasi, mna ugonjwa wa jongo, mna mabafu ya umma. Mna hata Ubolsheviki, ukomunisti wa Urusi wa karne ya 20! Warumi wamekwisha, kwa hiyo kila kizazi huwabebesha hofu zake, nao hawawezi kujitetea.

Mimi sikuja kuongeza ya 211. Nimechagua moja ya kizamani kabisa, nayo ni hela. Nani alikuwa anamlipa askari, na hela hiyo ilitoka wapi?

Kwanza tuelewane tunazungumzia Roma ipi. Tangu mwaka 395 dola ilikuwa na makaisari wawili, mmoja Konstantinopoli, Istanbul ya leo, upande wa mashariki, mwingine Italia upande wa magharibi. Iliyoanguka katika karne ya 5 ni ile ya magharibi. Na kaisari wa magharibi hakuwa anakaa Roma. Tangu 402 hivi alihamia Ravenna, mji uliozungukwa na vinamasi, kwa sababu za usalama. Hilo peke yake linakueleza hali ilivyokuwa.

Vitabu vya shule hutaja miaka miwili. Wa kwanza ni 410, Wagothi, watu wa jamii ya Kijerumani, wakiongozwa na Alaric walipoingia Roma na kuipora siku tatu. Wa pili ni 476, kaisari kijana Romulus Augustulus alipovuliwa madaraka. Ile ya 410 ilikuwa aibu kubwa, watu walilia kuanzia Gallia, Ufaransa ya leo, hadi Palestina, lakini jeshi lilibaki, kodi zikaendelea kuja, na miaka kumi baadaye dola ilikuwa imejikusanya upya kwa kiasi cha kutosha. Kufikia 476 maiti ilikuwa imeshaoza. Mwaka ninaotaka mwende nao nyumbani ni 439, tarehe 19 Oktoba, siku Wavandali, kabila jingine la Kijerumani, walipouteka mji wa Karthago.

Karthago magofu yake yapo leo kando ya jiji la Tunis. Jimbo lake Warumi waliliita Afrika, kabla jina hilo halijatandazwa bara zima. Lilikuwa jimbo tajiri kweli. Ukifika El Jem, Tunisia, utauona uwanja wa michezo wa mawe wa karne ya 3 ambao ungeweza kuchukua watu kwa makumi ya maelfu, tena umejengwa katika mji wa kawaida tu, si makao makuu. Hela yake ilitokana na mashamba, hasa mafuta ya zeituni. Wachimbaji wa mambo ya kale wanaokota sahani nyekundu za udongo zilizofinyangwa Tunisia katika fukwe za Italia, Hispania, Ugiriki, kila mahali. Sahani hizo zilisafiri katika merikebu zilizokuwa zimeshapakia ngano na mafuta.

Sasa sikilizeni hesabu yenyewe. Gallia ilikuwa na utajiri, lakini ilipakana na Mto Rhine, na ng'ambo ya Rhine kuna maadui. Kodi ya Gallia ililiwa na askari wa Gallia. Majimbo ya Mto Danube vivyo hivyo. Afrika mpaka wake ulikuwa jangwa na milima, ikilindwa na jeshi dogo. Ilitoa kodi nyingi na kutumia kidogo, na ziada ikavuka bahari kwenda Italia kulisha mji wa Roma na kulipa majeshi ya kwingine. Ngano ya Misri, ambayo zamani nayo ililisha Roma, ilikuwa imeelekezwa Konstantinopoli tangu mji ule ulipozinduliwa mwaka 330. Kwa hiyo magharibi nzima ikabaki inaegemea nguzo moja.

Wavandali walifikaje huko? Mwisho wa mwaka 406 walivuka Rhine pamoja na makabila mengine, wakapita Gallia wakipora, wakaingia Hispania mwaka 409. Mwaka 429 mfalme wao Geiseric akawavusha mlango wa bahari kwenda Afrika. Askofu mmoja wa Afrika aliyeandika baadaye anasema Geiseric aliwahesabu watu wake, wazee, watoto na watumwa wakiwemo, wakawa 80,000. Hata tukiikubali namba hiyo, wenye kuweza kupigana ndani yake ni wachache. Kisha wakatembea pwani yote kuelekea mashariki, safari ndefu, taratibu, na wanawake na mizigo.

Mtaniuliza: Warumi walikuwa wapi? Walikuwa wanapigana wao kwa wao. Jemadari wa Afrika, Bonifacius, alikuwa amegombana na ikulu ya Ravenna, hata mwaka 427 ikulu ikatuma jeshi kumpiga. Kuna masimulizi kwamba ni yeye aliyewaita Wavandali ili wamsaidie. Yameandikwa miaka mia baadaye, mimi siyapi uzito. Lakini haya hayana ubishi: mwaka 430 Geiseric aliuzingira mji wa Hippo, Askofu Augustino akafariki humo ndani tarehe 28 Agosti wakati mji umezingirwa, na mwaka 432 Bonifacius aliondoka Afrika akaenda Italia kupigana na jemadari mwenzake, Aetius, kugombea ukubwa wa jeshi. Bonifacius akashinda vita, akafa kwa jeraha. Huyo ndiye mtu aliyekuwa amekabidhiwa hazina ya magharibi kuilinda.

Mwaka 435 wakaandikiana mkataba na Wavandali. Miaka minne baadaye, wakati wa amani, Aetius akiwa na shughuli zake Gallia, Geiseric akaingia Karthago ghafla. Bandarini akakuta merikebu. Kwa miaka mia tano na zaidi Mediterania ilikuwa bwawa la Roma, na siku ile ikapata mwenyewe mwingine. Mwaka uliofuata Kaisari Valentinianus wa Tatu alitoa sheria kuwaruhusu raia wajibebee silaha, kwani haikujulikana Geiseric atashukia pwani ipi.

Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo pananivutia kuliko vita vyote. Sheria za kaisari huyu tunazo. Mwaka 444 anatangaza kodi mpya ya mauzo: kwa kila sarafu ya dhahabu, sehemu moja ya 24, nusu atoe mnunuzi, nusu muuzaji. Na anaeleza kwa nini. Anakiri kwamba kinachopatikana kwa walipa kodi waliochoka hakitoshi kuwalisha na kuwavisha askari wa zamani, sembuse kuandikisha wapya, na kwamba wasipofanya biashara, jambo la aibu kwa mtu mwenye silaha, ni vigumu kuwaokoa na njaa na baridi. Huyo ni mkuu wa dola anayekiri kwa maandishi kwamba askari wake hawana chakula wala nguo. Mwaka 445 sheria nyingine inapunguza kodi ya majimbo mawili ya Afrika aliyorudishiwa kwa mkataba, Numidia na Mauretania Sitifensis. Inabaki moja ya nane. Yaliyorudi yalikuwa yameshakamuliwa.

Kuanzia hapo magharibi ikawa kama duka linalokula mtaji. Huna hela, unapunguza askari. Umepunguza askari, unapoteza jimbo lingine. Umepoteza jimbo, kodi yake nayo imekwenda.

Wakubwa walilijua hilo, na ndiyo maana walijaribu mara kwa mara kuirudisha Karthago. Mwaka 441 merikebu za mashariki zilifika Sicilia, zikaitwa kurudi kwa sababu Wahun, wapiganaji wa farasi kutoka mashariki, wameshambulia Danube. Mwaka 455 Geiseric mwenyewe aliipora Roma siku kumi na nne, akaondoka na mjane wa kaisari na mabinti zake wawili, na nusu ya paa la shaba la hekalu la Jupita. Mwaka 460 Kaisari Majorian, ambaye kwangu ndiye wa mwisho mwenye akili ya kazi, aliandaa merikebu Hispania. Zikatekwa zikiwa bandarini.

Halafu mwaka 468. Mashariki na magharibi zikaungana. Zikakusanywa merikebu 1,100, na mwandishi mmoja wa zama zile anataja ratili 64,000 za dhahabu, yaani tani 20 na ushee, mbali na fedha. Kamanda akawa Basiliscus, shemeji yake kaisari wa mashariki. Akatia nanga karibu na rasi ya Bon, mwendo mfupi tu kufika Karthago, akasimama. Geiseric akaomba apewe siku tano afikirie masharti. Akapewa! Alichokuwa anangoja ni upepo ugeuke. Ulipogeuka, akaburuta mashua tupu, akazitia moto, akaziachia ziende katikati ya merikebu za Warumi zilizosongamana. Wapo waliosema Basiliscus alihongwa. Inawezekana. Uzembe nao unatosha kueleza.

Hela ya mwisho iliungua pale, na matokeo yake yanaonekana kwenye Danube, katika mji uitwao leo Passau. Habari hii iko katika maisha ya mtawa Severinus, yaliyoandikwa na mfuasi wake Eugippius mwaka 511. Anasema dola ilipokuwa bado ipo, askari wa miji mingi walilipwa na serikali kulinda mpaka. Desturi hiyo ilipokoma, vikosi vikafutika, ila kikosi cha Passau kikajikaza. Wakachagua wenzao wachache waende Italia kuwaletea mshahara wa mwisho. Wakauawa njiani, na hakuna aliyejua. Siku moja Severinus alikuwa anasoma, akakifunga kitabu, akaanza kulia, akawaambia waliokuwapo wakimbilie mtoni. Ikaja habari kwamba maji yameleta maiti za askari.

Kwa hiyo tukifika 476 hakuna cha kushangaa. Askari waliobaki Italia hawakudai mshahara, walijua hakuna. Walidai theluthi moja ya ardhi. Orestes, baba yake Romulus, akakataa, akauawa, na kiongozi wao Odoacer akamwondoa kijana kwenye kiti, akampa malipo ya uzeeni na nyumba ya kukaa kusini, akapeleka mavazi ya kikaisari Konstantinopoli. Geiseric alifariki Januari 477. Aliishi akaona yote.

Kijana mmoja aliniuliza wakati wa chai: mbona mashariki haikuanguka, nao walikuwa na maadui? Jibu langu ni Misri. Kuta za Konstantinopoli zilisaidia, ndiyo, ila ngano na kodi za Nile ziliendelea kufika kwa sababu hakuna adui wa Danube aliyeweza kuzifikia. Zilipopotea katika karne ya 7, kwanza kwa Waajemi, kisha kwa Waarabu, dola ya mashariki nayo ilisinyaa kwa haraka, ingawa ilijikokota mpaka 1453.

Na Karthago yenyewe ilirudi. Mwaka 533 Belisarius, jemadari wa mashariki, aliitwaa kwa askari wapatao 15,000, katika miezi michache, pale waliposhindwa wenye merikebu 1,100. Magharibi hapakuwa tena na kaisari wa kupokea faida yake. Wakaja wakaguzi kutoka Konstantinopoli kupanga kodi upya, na wenyeji wakaiona haivumiliki.