Mgeni Aombaye Maji: Kushuhudia Imani katika Dodoma Inayobadilika

Wachungaji na mapadre, makatekista, wazee wa kanisa, wanafunzi wa vyuo vyetu, na ndugu zangu wote mliofika jioni hii: mbukwenyi. Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa niseme juu ya kuishuhudia imani ya Kikristo katika jamii ambayo, mwaka hadi mwaka, inayaweka mambo ya Mungu pembeni. Nitaanza na maji, kwa sababu tuko Ugogo, nchi ya Wagogo, na katika nchi hii kavu mgeni hakuanza kamwe na maneno. Alianza na kiu.

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara, kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, ilikatiza hapa. Msafara ungeweza kuwa na bunduki nyingi na mizigo ya thamani, lakini ukifika Ugogo ulikutana na ukweli mmoja: visima vilikuwa vya wenyeji. Watemi walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, na mwenye haraka alilazimika kukaa chini, kuzungumza na kungoja hadi wakubaliane. Wamisionari wa CMS, chama cha kimisionari cha Waanglikana wa Uingereza, waliofika Mpwapwa katika miaka ya 1870 walipita njia hiyohiyo. Tumezoea kuwasimulia kama watu waliokuja kutoa, na ni kweli walitoa. Tulipata shule, dawa na Maandiko. Lakini kabla hawajatoa lolote walikuwa wageni wenye kiu, wakijifunza kutamka Chigogo kama watoto, na hata jina la Mungu walilolitumia katika mahubiri yao, Mulungu, walilipokea kutoka vinywani mwa wenyeji wao.

Baadaye mambo yaligeuka. Dayosisi ya Central Tanganyika ilipoanzishwa mwaka 1927, chini ya Askofu George Chambers kutoka Australia, Kanisa lilikuwa tayari limeanza kuwa mwenyeji. Aliyetaka kusoma alipitia kwetu, na aliyeugua alibebwa hadi hospitali ya misheni ya Mvumi. Hata shule nyingi za misheni zilipochukuliwa na Serikali kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, tabia ya uenyeji haikututoka. Tuliendelea kusema kama watu wanaokaribisha, tukidhani kwamba kila mtu atapita mlangoni petu siku moja, awe anataka au hataki.

Ninachotaka kuwaambia leo ni kwamba uenyeji huo umekwisha, na kwamba hatuna sababu ya kuulilia. Tumekuwa wageni tena, na kazi yetu ya kwanza ni kujifunza upya adabu za mgeni.

Tazameni mji wetu. Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ulifanywa mwaka 1973, lakini kwa miaka mingi mji uliendelea na mwendo wake wa taratibu, hadi Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia kweli. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta mkoa huu na watu 2,083,588. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 3,085,625. Wamekuja watu kutoka Kagera, Mbeya, Kilimanjaro na Pemba. Wamepanga Nzuguni, Ilazo na Kisasa, na wengi wao familia zao bado ziko Dar es Salaam. Tangu treni ya SGR ianze kufika hapa Julai 2024, Ijumaa jioni mtumishi anafunga ofisi Mtumba, kwenye mji wa Serikali, anashika begi lake na kuelekea stesheni, na Jumapili usiku anarudi amechoka. Mtu huyo hajaikana imani. Ukimuuliza atakutajia usharika aliobatizwa na jina la mwalimu wake wa kipaimara. Ila Jumapili yake iko njiani. Kule hayupo vya kutosha hata azikwe na jumuiya, na huku hakuna anayejua kwamba amekuja.

Wasomi huita hali hii usekula, na neno hilo linahitaji uangalifu. Katiba yetu inasema Tanzania ni nchi isiyokuwa na dini, na katika Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa kuabudu, wa kueneza dini na hata wa kuibadili. Utaratibu huo ni ngao yetu sisi na ngao ya ndugu zetu Waislamu, na mhubiri anayeushambulia anakata tawi alilolikalia. Usekula ninaouzungumzia hauko kwenye sheria. Ni ule wa moyoni, unaoruhusu kikao kifunguliwe kwa sala kisha mambo yote yanayofuata yaamuliwe kana kwamba hakuna aliyesikiliza sala hiyo. Una rozari kwenye kioo cha gari na mstari wa Zaburi kwenye wasifu wa WhatsApp. Lakini mtu anapochagua mchumba, anapopanga bei au anapotia sahihi ankara ambayo anajua ina hila, imani haiitwi hata kama shahidi.

Wenzetu waliotuletea Injili wamefika mbali zaidi katika njia hii. Katika Uingereza na Wales, waliojitambulisha kuwa Wakristo walikuwa asilimia 59.3 katika sensa ya mwaka 2011, na miaka 10 baadaye wakawa asilimia 46.2. Australia, nchi ya Askofu Chambers, ilihesabu asilimia 43.9 mwaka 2021. Sisi sensa yetu haijauliza dini tangu mwaka 1967, kwa hiyo hatuna namba za kututisha wala za kutufariji. Tuna masikio tu, na ninaogopa kwamba tumeyatumia kidogo.

Miaka michache iliyopita nilifuatana na mwinjilisti mmoja kijana, mwenye bidii ninayoiheshimu mpaka leo, kwenda nyumba kwa nyumba katika mtaa mpya. Nilikulia katika tembe, nyumba yetu ya asili ya Kigogo. Mgeni wa tembe alionekana tangu mbali akikatiza kwenye shamba la uwele, na kabla hajafika bibi alikwisha kuinuka kutafuta kigoda na kibuyu cha maji. Mtaa ule ulikuwa na kuta ndefu zenye vipande vya chupa juu, na mageti ya chuma. Tuligonga la kwanza. Sauti ya mwanamke ikauliza, "Nani?" Mwenzangu akajibu kwa furaha, "Watumishi wa Mungu!" Kukawa kimya, kisha sauti ileile, bila hasira yoyote, ikasema, "Tumeshaokoka, asanteni." Tukasikia kandambili zikirudi ndani polepole. Mwenzangu alichomeka kipeperushi chini ya geti, na nilipogeuka kuangalia, upepo ulikuwa umekwisha kukipeleka barabarani.

Nimelifikiria geti lile mara nyingi. Yule mama hakuwa adui wa Injili. Yawezekana alikuwa mwimbaji wa kwaya. Lakini tulibisha hodi tukiwa na jibu mkononi, wala hatukuwa na haja yoyote na yeye. Bwana wetu alipofika kisimani Samaria, katika Yohana sura ya 4, alianza kwa kumwambia yule mwanamke, "Nipe maji ninywe." Mwenye maji ya uzima alianza kwa kuomba maji ya kawaida, kutoka kwa mtu aliyekuwa na sababu zote za kumnyima. Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumeisahau sehemu ya kwanza ya methali hiyo, yaani kuja kama mgeni, tukabaki na hamu ya kuponya.

Ninaloweza kulishuhudia mwenyewe katika jambo hili lilitokea siku za mgao wa maji. Jirani yangu ni fundi wa mitambo, kijana wa miaka kama 30, aliyehamia hapa kikazi. Kwake kuna tenki kubwa. Kwangu lilikuwa limekauka siku ya tatu. Nikachukua ndoo mbili, nikaenda kubisha hodi. Alinifungulia, akaniamkia, akachota yeye mwenyewe na kunibebea ndoo moja hadi mlangoni kwangu. Nilirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Mke wangu akawa anampelekea mlenda na ugali wa uwele, chakula ambacho kwao hakijulikani. Katika muda wote huo sikumweleza habari ya wokovu, na nakiri kwamba dhamiri ilinisumbua, kwa maana mimi ni mwalimu wa Neno kwa kazi na kwa wito.

Kisha jioni moja, ndoo ikiwa inajaa, akaniuliza bila kuniangalia: "Mzee, hivi wewe unaposali, una uhakika kuna anayesikia?" Nikamuuliza kwa nini anauliza. Akaniambia kwamba mama yake alikuwa na kisukari, na kwamba mhubiri mmoja alimuuzia mafuta ya upako na kumwambia kuwa mwenye imani hatumii dawa. Mama aliacha dawa. Alizikwa kabla ya mwaka kwisha. "Nilifunga na kuomba naye," alisema. "Mimi ndiye niliyetuma pesa ya mafuta."

Maji yalifurika kwenye ndoo na hakuna kati yetu aliyefunga koki.

Ndugu zangu, kijana huyo tungemweka katika kundi gani? Tungesema amepoa, au dunia imemchukua. Ukweli ni kwamba aliumizwa ndani ya nyumba yetu, kwa jina la Bwana wetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyemfuata kumwomba radhi. Naamini wako wengi wa namna yake. Tunatafuta sababu za watu kuliacha Kanisa katika simu, muziki na mpira wa Jumapili, na sababu hizo zipo. Lakini hatutafiti vya kutosha majeraha tuliyoyafanya sisi wenyewe, na ninaona kwamba biashara ya miujiza imewafukuza watu wengi kuliko ambavyo mkana Mungu yeyote angeweza.

Sikumhubiria siku ile. Nilimwambia, "Pole, mwanangu. Tulikukosea." Nilisema "tulikukosea" kwa makusudi, kwa sababu mbele yake mimi na mhubiri yule tulikuwa watu wa nyumba moja.

Najua mtu ataniuliza: je, kungoja hivyo si woga uliovikwa joho la adabu? Paulo hakungoja, pale Athene alihojiana na watu sokoni kila siku. Swali hilo ni la haki, na woga upo, hata kwangu. Lakini soma vizuri Matendo 17. Kabla Paulo hajasimama Areopago alikuwa ameuzunguka mji, ameyatazama mambo ya ibada ya watu wale, hata akaiona madhabahu iliyoandikwa kwa Mungu asiyejulikana. Alisema sana, lakini alisema baada ya kuangalia. Mikutano ya hadhara nami nimeihubiri, na sitaki ife. Ninachokataa ni kipaza sauti kinachoelekezwa usiku kucha kwenye dirisha la muuguzi aliyetoka zamu, halafu tukashangaa kwamba haulizi habari zetu.

Petro aliandika kwamba tuwe tayari siku zote kumjibu kila mtu "awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu, lakini kwa upole na kwa hofu." Angalieni neno alilolichagua mfasiri wetu: habari. Katika desturi zetu mgeni hatoi habari mlangoni. Hupewa kiti, hunywa maji, ndipo mwenyeji humwuliza, "Habari za utokako?" Injili yenyewe tunaiita Habari Njema, na habari hunoga kwa aliyeiuliza.

Kwa hiyo jukumu letu zito ni kuishi maisha yanayozaa swali. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na jembe hapa Dodoma liko wazi. Yupo mtumishi mgeni aliyefiwa, ambaye hana watu wa kumchimbia kaburi wala wa kukesha naye. Yupo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma anayelala na njaa akisubiri mkopo. Yupo afisa Mkristo anayeombwa asaini malipo hewa, na ambaye akikataa atahitaji jumuiya itakayosimama naye atakaponyimwa cheo. Jumuiya ndogo ndogo na vikundi vya nyumbani vinaweza kukutana Jumatano, wakati mtu wa treni yupo, badala ya kumlaumu kwa Jumapili asiyokuwepo. Hilo ni badiliko la ratiba tu, na usharika wowote unaweza kulianza mwezi huu.

Nimalizie kwa jirani yangu. Baada ya jioni ile hakuja kanisani, wala sikumwalika. Niliendelea kuchota maji kwake hadi mgao ulipokwisha, na baada ya hapo nikaendelea kwenda bila ndoo. Siku moja nilimsomea Luka 24, wale wawili wa njia ya Emau, na tulipofika mahali wanaposema, "Nasi tulikuwa tukitumaini," alinisimamisha. Akataka nirudie. Akauliza kama Yesu aliwakemea kwa kusema hivyo. Nikamwambia kwamba aliwaita wazito wa moyo, ndiyo, lakini alikuwa amekwisha kuwauliza wanazungumza nini na kuwasikiliza hadi mwisho, na hata baada ya kuwakemea hakuwaacha. Aliendelea kutembea nao, ingawa walikuwa wakienda wakiupa mgongo Yerusalemu.

Jumatano iliyopita alibisha hodi yeye, kwa mara ya kwanza. Mke wangu alimpa kiti na maji. Alipokwisha kunywa aliuliza, "Mzee, wale wawili, je, walimtambua?" Ilikuwa saa nne usiku na asubuhi alikuwa na safari ya kikazi, kwa hiyo tulikubaliana kuendelea atakaporudi, tuanzie mstari wa 29, pale wanapomsihi akae nao kwa kuwa kumekuchwa.