Anayelipwa Kufundisha Macho: Kocha wa Mabeki wa Nyuma katika Futiboli ya Vyuo vya Marekani

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Leo tunawaacha nyota wa futiboli ya Kimarekani, tumtazame mwajiriwa mmoja wa chuo kikuu: kocha wa mabeki wa nyuma, yaani mabeki wa pembeni pamoja na masefti wanaosimama katikati, nyuma ya wote. Ninachosema ni kwamba huyu bwana analipwa kufundisha macho. Miguu huja baadaye.

Tuanze na uwanja. Upana wake ni futi 160. Vyuoni, mistari miwili ya alama ambayo mpira huanzishwa juu yake au kati yake imeachana futi 40. Kwenye NFL, ligi ya wachezaji wa kulipwa, ni futi 18 na nusu tu. Kwa hiyo mpira wa chuo ukiwa kwenye alama ya kushoto, kushoto zimebaki futi 60, kulia futi 100. Beki wa upande mpana ana shamba zima la kulinda. Wa upande mwembamba anasaidiwa na mstari wa pembeni, kama vile ana mwenzake pale. Ndiyo maana timu nyingi za vyuo zina beki wa upande mpana na beki wa upande mwembamba, wanaobadilishana pande kila mpira unapohama.

Sasa mchukue beki aliyesimama yadi 7 mbele ya mpokeaji, yaani mshambuliaji anayekimbia kudaka pasi. Mpira ukianzishwa, hatua zake mbili tatu za mwanzo anamtazama kwotabeki, mrushaji wa pasi. Kwotabeki akirudi hatua tatu akasimama, pasi fupi inakuja. Akizidi kurudi, macho ya beki yanahamia kiunoni kwa mpokeaji. Kichwa na mabega ni vya kudanganyia. Muda huo wote beki anarudi kinyumenyume, magoti yamekunjwa, kifua kiko juu ya vidole vya miguu, nyayo zinakaribia kukwaruza nyasi. Pengo likibaki yadi 3 hivi, ageuze nyonga akimbie naye.

Kosa la kwanza ni kuinuka. Mpokeaji anakata ndani, beki anasimama wima ndipo akanyage. Ili asukume ardhi lazima ashuke tena, na hapo yadi moja imekwenda. Kosa la pili ni macho kuganda kwa kwotabeki. Beki anaangalia mchezo kama aliyelipa kiingilio, mpokeaji anapita nyuma yake. Dawa yake ni kurudiarudia hatua zilezile bila mpira, kocha akisimama mahali pa kwotabeki na kuyaangalia macho, kwani miguu ataikagua kwenye video.

Pasi ndefu ndiyo mtihani wenyewe. Beki akiwa ubavuni mwa mpokeaji, nyonga kwa nyonga, ageuke autafute mpira. Akiwa ameachwa hata hatua moja asigeuke, maana kugeuka kunampunguzia kasi. Aitazame mikono ya mpokeaji, ikiinuka naye apitishe wake katikati. Mabeki wengi wanaopulizwa filimbi ya kumzuia mpokeaji wamechagua vibaya kati ya hayo mawili. Kosa hilo vyuoni adhabu yake haizidi yadi 15, tofauti na NFL ambako mpira hupelekwa hadi pale lilipotendeka, hata kama ni yadi 40. Kuna kocha wa chuo atakayemwambia beki wake waziwazi: ukishaachwa kabisa, mshike.

Kwenye kuangusha, sheria haina utani. Tangu 2013, anayemgonga mwenzake kwa utosi wa helmeti, au kumgonga kichwani aliye katika hali ya kutoweza kujikinga, anatolewa. Kwa miaka mingi, aliyetolewa nusu ya pili alikosa pia nusu ya kwanza ya mechi iliyofuata. Basi kocha anafundisha bega, shabaha ikiwa mapajani na macho juu. Anayeinamisha macho huinamisha na utosi.

Tupande ubaoni kidogo. Ulinzi wa watu watatu nyuma, kila mmoja na theluthi yake, una tundu moja: wapokeaji wanne wakikimbia moja kwa moja, wanne hawagawanyiki kwa watatu. Nick Saban, aliyekuwa mratibu wa ulinzi wa Cleveland Browns, timu ya NFL, chini ya kocha mkuu Bill Belichick kuanzia 1991 hadi 1994, anajulikana kwa jibu lake. Ulinzi unaanza kama wa eneo, kila mlinzi akilinda sehemu yake ya uwanja badala ya mtu, lakini mpokeaji wa ndani akipanda moja kwa moja, mlinzi wa chini, asimamaye mbele ya wale watatu, aliye upande wake anapanda naye, na sefti anabaki katikati. Ubaya wake ni kwamba mmoja akidhani bado ni eneo, mpokeaji anabaki bila wa kumlinda. Redio ya helmeti, ambayo kocha huitumia kuzungumza na mchezaji, iliyoruhusiwa vyuoni mwaka 2024 kwa mlinzi mmoja tu uwanjani, hukatika saa ya kuanzisha mpira ikibakiwa na sekunde 15. Mpinzani akihamisha mtu baada ya hapo, ni midomo na mikono.

Anayeweza kuwapanga watu hao ameshausoma ulinzi wote, na ndipo ngazi ya kazi inapoanzia. Saban alicheza nyuma katika chuo cha Kent State, akaanza hapohapo kama msaidizi aliye masomoni mwaka 1973. Kirby Smart, sefti wa zamani wa Chuo Kikuu cha Georgia, alifundisha mabeki katika chuo cha Valdosta State mwaka 2000, akawa msaidizi wa aina hiyo Florida State, kisha kocha wa mabeki katika vyuo vya LSU na Alabama, vyote chini ya Saban, kabla ya kurudi Georgia kama kocha mkuu kuanzia msimu wa 2016. Msaidizi aliye masomoni ndiye anayekata video na kuchora michezo ya mpinzani kwenye kadi za mazoezi. Ujira ni mdogo, na kocha mkuu akifukuzwa, benchi zima huenda likafungasha naye.

Kwenye usaili, wasifu husomwa haraka. Halafu unapewa kalamu: chora watatu nyuma dhidi ya wapokeaji wanne wanaopanda. Ukimaliza, mwenyeji wako anafuta mpira, anauweka kwenye alama ya kulia, anakuuliza sefti wako sasa anasimama wapi, na anamtazama nani kwanza.