Giza la Kazi, Mbalamwezi ya Mapumziko

SUDI: Karibuni tena. Leo tunawazungumzia watu wanaojikamua kwa muda ili baadaye wapate siku zao za kukaa. Dada Neema amekataa kabisa tusiongelee watu wa maofisini.

NEEMA: Wa maofisini wameanza juzi. Wavuvi wa dagaa kule kwetu Ukerewe, kisiwani Ziwa Victoria, wanaishi hivyo tangu babu zao. Wakati wa giza wako ziwani, mbalamwezi wako nyumbani.

SUDI: Wafafanulie wasiolijua ziwa. Mwezi na dagaa wapi na wapi?

NEEMA: Dagaa anafuata mwanga. Unawasha taa juu ya maji, unasubiri, wakishajaa chini yake unawazungushia wavu. Sasa mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, nani atahangaika na taa yako? Kutoka mwezi mpevu hadi mpevu mwingine ni kama siku 29 na nusu, na katika kila mzunguko kuna usiku kadhaa ambao kutoka ni hasara tupu.

SUDI: Hata na hizi taa mpya?

NEEMA: Karabai nyingi zimewekwa pembeni, watu wana taa za betri na sola. Mwezi haujashindwa bado. (Anacheka.)

SUDI: Na hizo siku za giza zenyewe?

NEEMA: Jua likizama mnaingia mtumbwini. Taa mnaziacha zikielea, moja hapa, nyingine kule, halafu mnazipitia moja moja mpaka alfajiri. Mkifika mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, baba anatafuta pa kulala na mama ndiyo kwanza anaanza. Dagaa wanamwagwa mchangani au kwenye vichanja, wanatandazwa, wanageuzwa, na macho yote yako juu kutazama wingu. Mvua ikiwawahi kabla hawajakauka, mzigo uliokuwa chakula cha watu unauzwa kuwa chakula cha kuku.

SUDI: Hapo ndipo wanaousifu mtindo huu wanaporuka. Mvuvi kapumzika. Mwanikaji je?

NEEMA: Mbalamwezi inamkuta anafunga magunia ya kupeleka soko la Kirumba, Mwanza. Mapumziko ya mwanamume yamebebwa na mtu mwingine, tuseme ukweli.

SUDI: Na hela? Maana siku za kukaa nazo zinakula.

NEEMA: Zinakula sana. Kwenye mahesabu tajiri mwenye mtumbwi anatoa kwanza mafuta na chakula, kinachobaki ndicho kinagawanywa. Kijana aliyekopa kwake wakati wa mbalamwezi anaingia gizani mgawo wake ukiwa umeshaliwa. Huyo usimwambie habari za uhuru.

SUDI: Mimi nahariri video za harusi. Msimu ukichanganya silali, najiambia ukiisha nitatulia. Ukiisha, nachukua kazi nyingine.

NEEMA: Kwa sababu ukikataa wewe, kuna mwenzako ataipokea. Mvuvi hana wasiwasi huo. Usiku wa mbalamwezi jirani yake akitoka kumzidi ujanja, atarudi na maji kwenye viatu. Wamelala wote kwa pamoja, ndiyo maana usingizi unakuwa mtamu.

SUDI: Kwa hiyo kinachompumzisha si nidhamu yake.

NEEMA: Nidhamu gani, kaka! Ungempa dagaa wa kila usiku angetoka kila usiku. Tazama Kenya: upande wao wa ziwa serikali inafunga uvuvi wa omena, hao hao dagaa, kuanzia Aprili hadi Julai ili wazaliane. Imebidi iwe sheria. Sijawahi kusikia mwalo uliofunga wenyewe kwa hiari.

SUDI: Basi wahariri wa video tuombe sheria. (Wanacheka.) Lakini ile mbalamwezi, wanakaa kweli?

NEEMA: Kukaa kwa kivuvi. Unamkuta chini ya mti, wavu umetandazwa miguuni, kidole gumba cha mguu kimenasa uzi, anashona matundu huku anabishana mpira. Mwingine anaziba mtumbwi unaovuja. Wachache wanapanda kivuko kwenda kusalimia ndugu Mwanza. Ila hakuna anayewahimiza, na hilo lina raha yake.

SUDI: Kipindi kijacho namtaka mwanikaji mwenyewe hapa. Nimpigie saa ngapi?

NEEMA: Usiku. Jua likiwaka hapokei simu ya mtu.