Taa haijazimika, kioo ndicho kimejaa masizi

Ndugu zangu, hili nimeshalisema hapa Lamu mara nyingi na leo nalisema tena. Kila tukitoka maziarani mtu anamshika mkono mfiwa anamwambia "pole, taa ya nyumba imezimika". Nani kakwambia imezimika?

Nyumbani kwetu kabla ya stima tulikua na chemli moja, bibi akiiweka kwenye kidaka cha ukutani, na kila siku baada ya Alasiri ananiita mimi, kwa sababu mkono wa mtoto ndio uliokua unapita ndani ya kile kioo. Nachukua gazeti kuukuu, nakipulizia pumzi, nasugua mpaka masizi yatoke, alafu yeye anashika mkasi anakata utambi pale ulipoungua. Bibi akafariki, hakuna aliyeniita tena. Wiki moja tu nyumba ikawa giza, mafuta yamo, utambi unawaka, na sisi tunalia eti nyumba imekufa na bibi! Kumbe ni kioo, hakijafutwa.

Sasa kuna mtu hapo nyuma atasema ustadh siku hizi tuna sola. Haya, kasome Suratun-Nur aya ya 35, Mwenyezi Mungu hakutaja taa peke yake, kataja shubaka, ndani yake taa, na taa imo ndani ya kioo kinachong'aa kama nyota. Shubaka lile ni kama kidaka chetu, na wako wafasiri waliosema ni kifua cha muumini na kioo ni moyo wake. Msiba unatia masizi kwenye kioo, haumwagi mafuta! Mfiwa anataka mtu wa kumfutia, aende akae naye arobaini ishapita, sufuria za pilau zisharudishwa kwa wenyewe.

Mtanijibu na Al-Inkishafi, ule utenzi wa kale wa Sayyid Abdalla, kwamba maisha ni taa kwenye upepo, na vile vidaka vya mji wa kale wa Pate vilivyokua na sahani sasa vinalala makinda ya ndege. Ni kweli, lakini yule sayyid alikua anauzindua moyo wake mwenyewe, hakua anamkatisha tamaa mfiwa. Hilo lataka usiku wake.

Na Mtume (s.a.w.) alipomfumba macho sahaba wake Abu Salama alipofariki, alimuombea kaburi lipanuliwe na litiwe nuru. Taa ingekua imezimika, nuru ya nini tena?

Ishaa hio inaadhiniwa. Kule Langoni kuna mama kafiwa mwezi uliopita, wiki hii hakuna aliyepiga hodi kwake. Akina mama, nani anapita kesho baada ya Alasiri?